Plagi ya Silinda ya Tatu

Mtahiniwa mwenzangu wa zamani, nina hakika umeshachora mara nyingi ile picha ya misumari ndani ya neli za majaribio: mmoja kwenye maji na hewa, wa pili kwenye hewa kavu, wa tatu kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta. Mimi niliichora vizuri, nikapata alama zangu. Lakini jaribio lenyewe nililiona Desemba, baada ya mtihani wa kidato cha nne, uani kwetu Tanga, na aliyelifanya bila kujua nilikuwa mimi.

Mama alikuwa na teksi, Corolla ya zamani ambayo injini yake ilikuwa imenoki. Kwa fedha za upatu akanunua injini ya mtumba, Toyota 5A ya silinda nne. Ikawekwa juu ya tairi bovu nyuma ya jiko, ikingoja fedha ya ufundi. Masika yote ikawa inangoja. Katikati ya masika hayo rafiki yangu, ambaye baba yake alikuwa na gari la injini kama hiyo, aliniomba plagi moja. Nikamfungulia ya silinda ya tatu. Plagi za injini hii hukaa chini kabisa ya vishimo virefu, hivyo usipochungulia hutajua kama moja haipo. Nikafunika kwa turubai, nikarudi kwenye vitabu vyangu. Turubai upepo uliliondoa, sijui siku gani.

Fundi alipokuja alitia soketi kwenye bolti ya krenki, akavuta. Kimya. Akavuta kinyume. Kimya.

"Tumeuziwa chuma chakavu!" Mjomba akasema, akaleta bomba la kurefushia spana.

Fundi akakataa. "Ukilazimisha utavunja ringi, na ringi ikivunjika itakwangua silinda. Kwanza tujue kilichoishika."

Akamulika tochi kwenye vishimo vya plagi, akaacha kuongea. Plagi zilikuwa tatu. Mjomba hakuhitaji ushahidi zaidi: muuzaji ni mwizi, ameuza injini yenye tundu wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele, hakunena neno. Nami sikunena.

Hapa naomba ufuate kazi ya fundi, maana ndiyo iliyonibana. Alifungua bolti ya kumwagia oili. Yalitoka maji kwanza, yenye rangi ya kutu, kisha ndipo ikaja oili. Unajua sababu: maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini ya sampu. Akafungua mfuniko, mkanda, kisha bolti kumi za silinda hedi, akianzia za pembeni kuelekea katikati, kila moja kidogo kidogo, hedi isije ikapinda. Gasketi ilikuwa nzima, haikuungua popote. Basi maji hayakupita kutoka kwenye njia za redieta. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa safi, zina utando wa oili, na ile mistari ya kukatana ya kiwandani bado inaonekana. Ya tatu ilikuwa na pete ya kutu kama unga wa kahawa kuzunguka pistoni. Chuma kile kile, uani pale pale, miezi ile ile. Tatu zilifunikwa mafuta, moja ikapata maji na hewa. Nilisimama nikaitazama ile neli yangu ya majaribio.

"Siku ya kununua niliizungusha kwa mkono wangu," fundi akasema, bila kumtazama mtu. "Ilizunguka vizuri. Maji haya yameingilia juu, na yameingia hapa hapa nyumbani."

Mjomba alikuwa ameshavaa viatu. Alikuwa amewaita vijana wawili wa mtaani waende naye dukani kwa muuzaji. Ukishawajua vijana wale, utaelewa kwa nini nilisema pale pale, mbele ya wote, kwamba plagi niliitoa mimi. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Mjomba alinitukana tusi moja tu, akavua viatu.

Mama akauliza, "Fundi, imekufa?"

"Bado, mama. Tuione yote."

Akamimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia otomatiki juu ya pistoni ya tatu, tukaiacha siku mbili. Siku ya tatu aliweka kipande cha mbao juu yake, akagonga polepole huku nikiyumbisha krenki mbele na nyuma, mpaka ikaachia kwa mlio kama wa mlango wa zamani. Beringi za konrodi zilikuwa laini. Krenki nayo ilikuwa salama: ukipitisha ukucha haukwami. Kwenye silinda ya tatu ukucha ulikwama kwenye vishimo vya kutu, kwa hiyo ilibidi injini ipelekwe kwa mkereza. Kipenyo chake cha kiwandani ni milimita 78.7, zilikerezwa zote nne hadi 79.2, zikawekwa pistoni kubwa zaidi. Pistoni hupanda na kushuka milimita 77. Chukua karatasi, tumia kanuni ya ujazo wa mcheduara, zidisha kwa nne, utapata sentimita za ujazo zipatazo 1,498 kabla ya kukereza. Baada ya kukereza tafuta mwenyewe.

Fedha ya mkereza na pistoni ilitoka kwenye bahasha ambayo Mama alikuwa ameiandika jina langu: godoro, sanduku na nauli ya kidato cha tano. Aliifungua mbele yangu, akahesabu, akanipa mimi nimpelekee fundi.

Teksi ilirudi barabarani mwezi wa pili. Shuleni nilikwenda na sanduku la Mjomba, lenye kitasa kibovu, limefungwa kwa kamba ya katani.