Mlango Uliopiga Paji Langu

Homa Bay nililala usiku mmoja nikala samaki aina ya ngege kwa kuon, yaani ugali. Alfajiri nikashika matatu hadi Mirogi, kisha boda, vumbi mpaka kwenye meno.

"Boss, kumbe watu hulipa kuona mawe?" mwendeshaji aliniuliza tulipoingia upande wa Migori na kusimama Thimlich Ohinga, penye maboma ya kale ya mawe. Sikumjibu, maana nami nilikuwa nimeanza kujiuliza. Wiki iliyotangulia nilikuwa Njoro, kwenye kasri ya mlowezi Mwingereza, Lord Egerton, iliyojengwa kuanzia 1938 hadi 1954 kwa mfano wa majumba ya mabwana wa mashamba kule Uingereza: vyumba 52, ukumbi wa dansi, ngazi za kujionyeshea. Hapa nikaona ukuta na kichaka.

Nikaingia kwa pupa. Jiwe lililolazwa juu ya mlango likanipiga paji la uso mpaka nikaona nyota.

Mzee anayetembeza wageni alinitazama bila haraka. "Pole, nyathina. Mlango umekusalimia."

"Aliyeujenga hakuwa na mgeni mrefu?" nilifoka.

"Alikuwa na adui mrefu. Ukiingia umeinama, mkuki utauinua saa ngapi?"

Akanionyesha mahali palipoinuliwa kando ya mlango, pa mlinzi kusimama. Nilikuwa bado nimenuna, nikamwambia kupanga mawe si ufundi mkubwa. Hapo ndipo aliponipeleka nje, mbali na ukuta, penye mawe yaliyozagaa, akasema, "Haya, weka moja juu ya jingine. Lisicheze."

Nikaliweka. Likacheza. Nikaligeuza, likacheza upande wa pili. Jasho likanitoka. Mzee akachuchumaa, akalizungusha kidogo, kisha akaokota kijiwe kisichozidi kete ya bao la ajua, akakisukumia chini yake kwa kidole gumba. Jiwe likatulia kana kwamba limezaliwa pale.

"Hakuna udongo humu, Jaduong'?"

"Hakuna udongo, hakuna saruji. Uso wa nje, uso wa ndani, katikati mawe madogo yameshindiliwa. Yanashikana yenyewe."

Ukuta huo una unene wa karibu mita 1, na kimo chake kinaanzia mita 1.5 hadi zaidi ya 4. Inasadikiwa ulijengwa karne ya 16. Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Ndani walikaa watu na ng'ombe wao. Walipohama wakaja wengine, wakaziba palipobomoka, wakaendelea kuishi, hadi katikati ya karne ya 20. UNESCO iliitambua Thimlich Ohinga kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Nikakaa kivulini nikiikumbuka kasri ya Njoro kwa jicho lingine. Bwana yule hakuoa, na alifariki 1958. Vyumba 52, mtu mmoja, miaka minne. Saruji yake ingali imara, lakini hakuna mjukuu aliyerudi kuongeza hata kijiwe.

Nilitoka nimeinama vizuri, mkono juu ya uvimbe. Mwendeshaji alikuwa ameegemea pikipiki yake, anacheka.

"Sasa, mawe yamefaa pesa?"

Nikamwambia aingie akajionee mwenyewe. Habari ya mlango sikumdokezea.