Choo Kigumu cha Mtoto Hakisubiri Matone ya Staa

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kwa sasa anatusukumia "matone ya kulainisha choo cha mtoto". Picha kali, mtoto kapendeza, kachupa kako mkononi. Hakuna sehemu kaeleza ndani kuna nini. Chini kina mama wamejaa: "Dada, naipataje, niko Mwanza?" Mmoja wao ni mdogo wangu wa damu, anaishi Magu.

Nikampigia. Mtoto wake ana miaka miwili na nusu, siku ya tano hajapata choo. "Dada, akisikia haja anajificha nyuma ya mlango, anabana miguu mpaka jasho linamtoka. Juzi kilitoka kama kokoto, na damu kidogo juu yake." Mama mkwe wake alishaandaa maji ya sabuni ya kumwingizia nyuma: "Mwanangu, hata baba yake nilimfanyia hivyo, akapona." Nikamwambia mdogo wangu, tena kwa upole, sabuni inaunguza utumbo, na hela ya matone aifanye nauli ya hospitali.

Alichoelezwa na daktari ndicho kimenifanya niandike hapa. Sisi tunaona mtoto anasukuma, kumbe anabana! Choo kigumu kikishamchana mara moja, anaogopa kurudia. Akibana, utumbo unaendelea kunyonya maji, choo kinazidi kuwa kikubwa na kikavu, na siku kikitoka kinauma kuliko mwanzo. Basi anabana zaidi. Wengine inafika mahali uharo unavujia pembeni ya choo kilichoganda, chupi inachafuka, halafu mama anampa dawa ya kuzuia kuharisha. Hapo ndo anafungwa kabisa.

Sasa tuangalie maisha ya pale nyumbani. Usukumani maziwa hayana shida, dogo alikuwa anashinda na kikombe cha maziwa ya ng'ombe, akishashiba chakula hataki. Akila ni ugali, au michembe na chai. Maji kwa nadra. Na choo chenyewe ni cha shimo, tundu kubwa, giza. We ungekuwa na miaka miwili ungechuchumaa pale kwa raha?

Akaandikiwa dawa ya maji, laktulosi, ya kuvuta maji yarudi kwenye choo kilainike. Akaambiwa asiikatishe siku choo kikilainika, maana utumbo uliotanuka huchukua wiki, hata miezi, kurudi sawa. Maziwa yapunguzwe, maji yaongezwe, na mapapai, machungwa, maharage na mboga za majani viingie kwenye sahani. Na poti: akae dakika tano hadi kumi baada ya kula, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo nao unaamka. Miguu ikanyage chini vizuri. Asifokewe, asichekwe.

Wenye vichanga msinichanganyie mambo. Anayenyonya maziwa ya mama tu anaweza kwenda haja mara kadhaa kwa siku, na baada ya wiki chache za mwanzo akakaa hata wiki bila choo. Kama kikitoka ni laini, ananyonya vizuri na uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki, huyo hajafunga choo. Hata akilia na kujikamua dakika kumi halafu kikatoka laini, bado anajifunza kusukuma na kulegeza kwa wakati mmoja. Msimpe maji kabla ya miezi sita, wala asali kabla ya mwaka. Wa maziwa ya kopo, pimeni unga kama kopo linavyosema.

Ila kuna ya kukimbia nayo hospitali siku hiyo hiyo: kichanga aliyepitisha saa 48 bila kutoa kile choo cheusi cha kwanza, mtoto anayetapika kijani, tumbo lililovimba na kukaza. Asiyeongezeka uzito naye apelekwe mapema. Wapo wanaozaliwa kipande cha utumbo hakina neva za kusukuma. Ugonjwa huo unaitwa Hirschsprung, jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886, na tiba yake ni upasuaji. Huyo ukimwambia ni mchango ukamchemshia mizizi, unampotezea muda wa kuishi. Kwa Kanda ya Ziwa, Bugando ni hospitali ya rufaa. Kutoka Magu ni lami mpaka mjini.

Mtoto wetu bado yuko kwenye dawa. Mama mkwe ndiye msimamizi wa poti siku hizi, na papai anamenya mwenyewe. Wiki iliyopita dogo alienda mara nne, bila kujificha. Mimi mama mkubwa nikatumiwa ujumbe kila mara, na kila mara nikafurahi kama nimetumiwa muamala.