Kutoka Mwenge Hadi Jeddah

Tulimsindikiza mama yetu kwenda Hija, tukitoka Mwenge baada ya swala ya Alfajiri. Foleni ya Barabara ya Mandela ilitushika karibu saa mbili nzima. Kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah ni takriban kilomita 3,150, na ndege iendayo moja kwa moja huchukua kama saa nne na nusu. Miji hii imekaa karibu mstari mmoja, kusini na kaskazini. Ndiyo maana saa zetu hazipishani, na kibla chetu ni kaskazini.

"Kumbe nitaruka kuelekea kibla?" akauliza. Tukamwitikia.

Uwanjani alitukabidhi daftari la madeni. Yote yamefutwa, isipokuwa la muuza mkaa wa Mwenge, shilingi 4,000. Tulimlipa kabla ndege haijatua.