Tumbo la Tikiti

Nilipokuwa na miaka kumi nilikata matikiti maji matatu ya baba yangu kabla ya wakati wake. Shamba letu lilikuwa tambarare, kusini mwa Moshi, na siku hiyo baba alikuwa amekwenda kwenye zamu ya maji ya mfereji. Niliyaona makubwa, ya kijani, yanang'aa, nikadhani yameiva. Nilipoyapasua, ndani yalikuwa meupe na mbegu zake laini kama za tango.

Baba hakunichapa. Alinishika mkono mpaka kwenye tikiti jingine, akaniambia nichuchumae. Akanionyesha kikamba chembamba kilichojisokota karibu na kikonyo. Kikiwa kibichi, liache. Kikikauka na kuwa cha kahawia, endelea kuangalia. Akaligeuza polepole, bila kuvuta kikonyo, nione tumbo lake pale lilipolalia udongo. Doa likiwa jeupe, bado. Likiwa la njano kama siagi, limeiva. Ganda nalo hupoteza mng'ao. Nikamwuliza habari za kuligonga, kama wanunuzi wafanyavyo sokoni. Akasema bichi hutoa mlio mwembamba na lililoiva mlio mzito, lakini masikio hudanganya kuliko tumbo.

Kisha akasema: "Mwanangu, embe ukilichuma likiwa limekomaa, utalifunika ndani na litaiva. Tikiti ukishalikata, limekwisha. Haliivi tena."

Nilikuja kuyakumbuka maneno hayo nikiwa mchungaji. Katika usharika niliowahi kuutumikia, mzee mmoja alifiwa na mwanawe wa pekee, aliyegongwa na gari. Dereva alikuwa kijana wa usharika huohuo. Wiki ya sita baada ya mazishi ilikuwa Pasaka, nami nilitamani sana wapatane siku hiyo mbele ya watu. Mzee aliniambia, "Mchungaji, nipe muda." Nikamjibu kwamba kesho si yetu. Jumapili ile nilimshika mkono nikamleta mbele. Alitamka maneno ya msamaha, akampa kijana mkono, na kina mama wakapiga vigelegele. Niliandika jambo hilo kwenye taarifa yangu ya mwaka.

Mzee hakurudi tena kanisani. Nilipomtembelea hatimaye, alisema kwa upole, "Nilisema kwa sababu ulikuwa umenishika mkono."

Wapendwa, msamaha ni agizo la Bwana, na siwezi kulipunguza. Nilichokosea ni kudhani kwamba agizo likishatamkwa, tunda limeiva. Sisi Walutheri tunafundisha tangu darasa la Kipaimara kwamba matendo mema ni matunda ya imani, nayo imani ni kazi ya Roho Mtakatifu. Mimi nilitaka tunda kwa tarehe yangu. Niliangalia ukubwa na mng'ao, sikuchuchumaa kuangalia tumbo. Katika Marko sura ya 4, Bwana anamtaja mpanzi asiyejua mbegu yake inavyokua usiku na mchana. Mundu wake haufanyi kazi mpaka nafaka iwe tayari.

Wala kungoja si kutelekeza. Baba alipita shambani kila asubuhi, kwa maana tikiti likipitiliza nalo hulainika na kuharibika ndani. Anayengoja vizuri yupo shambani.

Nilimwomba mzee yule anisamehe. Hakunijibu siku hiyo, na sikumdai jibu. Nikaanza kwenda kwake kila Alhamisi. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mahindi na mvua. Mara nyingine alinionyesha picha ya mwanawe, nami nikaiangalia bila kuhubiri. Lile tikiti nililolikata sikuweza kulirudisha kwenye mmea wake. Lakini mtikiti ukitunzwa unaweza kuchanua tena, na hilo nalo nililiona kwa baba.

Ilipita zaidi ya mwaka. Alhamisi moja, akiwa ananimiminia chai, aliniuliza bila kunitazama, "Yule kijana, siku hizi analala usingizi?"

Nikamwambia, "Halali vizuri, baba."

Akatikisa kichwa, akanisogezea sukari. Nami nilinyamaza. Alhamisi iliyofuata nilirudi.