Visahani vya Kariakoo

Jumanne, 2 Septemba
Bei ya utando wa PVDF, ule unaotoa umeme ukikanyagwa, imekuja. Nimeisoma, nikaweka simu kando. Kipande kisichojaa kiganja, juu yake usafiri, halafu ushuru. Hapana. Lakini zile ngazi za stendi hazinitoki kichwani. Watu wanazikanyaga tangu alfajiri, nguvu yote inaishia kwenye zege.

Alhamisi, 4 Septemba
Kariakoo. Nimeuliza piezo, wakanitazama tu. Nikasema kile kisahani kinacholia ndani ya kengele ya mlango. Ahaa! Boksi likavutwa kutoka chini ya meza. "Dada yangu, si hivi? Chagua." Vingi vya milimita 27, vichache vya 35. Shaba ya manjano, katikati kauri nyeupe, nyembamba kama ukucha. Kauri hiyo ina risasi ndani yake: hakuna kuisaga, na mikono inaoshwa kabla ya kula.

Usiku
Kulehemu kwenye kauri kunataka mkono mwepesi. Ncha ikikawia, mpako wa fedha unabanduka. Naigusa, naitoa. Imeshika! Nimekigonga kisahani kwa kidole, taa ya LED ikamweka. Bila betri! Nimekigonga mpaka nyumba nzima ikaamka.

Jumamosi, 6 Septemba
Jikoni. Krimu ya tartar ya waokaji kwenye maji ya moto, soda ya kuokea kidogo kidogo. Povu linapanda, nangoja litulie. Chumvi ya Rochelle hiyo. Nayo hutoa umeme ikibanwa: ndugu wawili Curie waliipima mwaka 1880, pamoja na jiwe la kwazi, hata sukari ya miwa. Sukari! Fuwele zikikua nitafurahi, ila unyevu wa Dar unanitia wasiwasi, na joto la nyuzi 55 tu linaziharibu. Darasani sawa. Chini ya nyayo, hapana.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimevikalisha visahani juu ya pete za plastiki, katikati pabaki wazi. Kisahani kikipinda ndipo kinatoa umeme wa maana. Kila kimoja na daiodi zake nne, la sivyo kimoja kinamla mwenzake. Mama kapita juu ya ubao na ndoo yake ya maji. Kila hatua, volti kwenye kapasita juu! Akisimama zinashuka, mita yenyewe inazinywa. Kuchaji simu, tusahau. Kihisi kinachoamka, kikatuma namba moja, kikalala tena: hicho nakiweza, nina hakika. Kesho mapema Kariakoo, vile vya 35 visije vikachukuliwa na mafundi wa ving'ora.