Nani Aliyemuua Justine?

Sinema nyingi za kutisha humwuliza mtazamaji swali moja tu: ni nani atakayefuata kuuawa? Iko moja ya Kiingereza ambayo kila niitazamapo huniuliza swali jingine, nalo ni zito kuliko hilo: ni nani hasa aliyeua? Jina lake ni The Curse of Frankenstein, yaani Laana ya Frankenstein, nayo ilitolewa mwaka 1957 na kampuni ndogo ya Hammer.

Haikuwa sinema ya fedha nyingi. Iligharimu kama pauni 65,000, kiasi kidogo kwa sinema ya rangi. Hammer walikuwa na jumba la zamani kando ya mto Thames, karibu na kijiji cha Bray, na humo ndimo walimojenga sebule ya kabaila, ngazi zake na maabara yake. Mwongozaji alikuwa Terence Fisher, na aliyeandika mchezo ni Jimmy Sangster. Peter Cushing, ambaye Waingereza walikwisha kumzoea katika televisheni, aliigiza kama Victor Frankenstein. Christopher Lee, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa, alipewa nafasi ya kiumbe, na urefu wake wa karibu mita mbili ulimsaidia sana kuipata.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Kampuni ya Universal ya Marekani ilikuwa imetengeneza Frankenstein yake mwaka 1931, na sura ya Boris Karloff, yenye kichwa bapa na vyuma shingoni, ilikuwa imeenea duniani kote. Universal hawakutaka sura ile iigwe. Basi Phil Leakey, fundi wa kupamba nyuso, akambandika Lee uso wa makovu na mabaka, kama kanzu kuukuu iliyotiwa viraka na mtu mwenye haraka. Si uso wa zimwi. Ni uso wa mgonjwa aliyeachwa na daktari kabla ya kazi kwisha.

Nadhani uhaba wa fedha uliwafaa. Mwenye fedha huonyesha kundi la wanakijiji waliobeba mienge, na mtazamaji akasahau chanzo cha moto. Asiye nazo hana budi kukaa ndani ya nyumba na kumwangalia mwenye nyumba. Hivyo ndivyo sinema hii ifanyavyo. Kiumbe huonekana kwa muda mfupi tu, wala hasemi neno hata moja. Tunayekaa naye tangu mwanzo hadi mwisho ni Victor: kijana msomi, mtanashati, mwenye adabu mezani na ulimi laini.

Hadithi yenyewe ni hii. Victor amerithi mali angali mtoto, na akamwajiri mwalimu aitwaye Paul Krempe. Wawili hao wanasoma pamoja miaka mingi, hata siku moja wanafaulu kumrudishia uhai mtoto wa mbwa aliyekufa. Paul anataka ugunduzi huo upelekwe kwa madaktari ili uwafae wagonjwa. Victor anaona hayo ni madogo; yeye anataka kuumba mtu. Anaukata mwili wa mnyang'anyi kutoka kwenye mti wa kunyongea, na anapomaliza kukata kile kichwa kisichofaa anajipangusa damu kwenye koti lake, kama fundi bomba anavyojipangusa mafuta. Ananunua mikono ya mchonga sanamu. Kisha anahitaji ubongo, naye hataki ubongo wa mtu wa kawaida. Anamkaribisha nyumbani Profesa Bernstein, mzee mwenye elimu na upole, anakula naye, anamwonyesha picha ukutani, halafu anamsukuma kutoka juu ya ngazi.

Hapa ningependa msomaji alinganishe sinema hizi mbili. Katika ile ya mwaka 1931, mtumishi anaangusha chupa yenye ubongo mzuri, akachukua ubongo wa mhalifu badala yake. Kwa hiyo mtazamaji anarudi nyumbani na faraja: kiumbe aliua kwa kuwa alitiwa akili ya muuaji. Hammer waliinyima hadhira yao faraja hiyo. Ubongo waliomtia kiumbe wao ni wa mwanachuoni asiye na kosa. Kilichouharibu ni vurugu, pale Paul alipomkuta Victor katika kaburi la ukoo akiubeba, wakavutana, na chupa ikavunjika. Ubovu wa kiumbe haukutoka kwa marehemu. Ulitokana na namna alivyopatikana. Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hapa malezi yalianza vibaya hata kabla ya mtoto kuvuta pumzi.

Mary Shelley, aliyeitunga hadithi hii na kuichapisha mwaka 1818, alimpa kiumbe wake ulimi. Katika kitabu anajifunza kusema kwa kuisikiliza familia moja kwa siri, anasoma, na anamlaumu muumba wake kwa kumtupa. Katika sinema ya Hammer hawezi kulaumu. Wengine huona hilo ni pungufu. Mimi naona limeuhamisha mzigo wote. Kiumbe asiyeweza kujieleza hawezi kubeba hatia, na kila anachokifanya kinarudi kwa aliyemtengeneza.

Hilo linaonekana waziwazi katika onyesho moja fupi. Kiumbe amekwisha kutoroka, ameua msituni, amepigwa risasi na Paul na kuzikwa. Victor anamfukua, anamfufua tena, na kumfunga kwa mnyororo. Siku moja anamwita Paul aje aone. Anamwamuru kiumbe asimame. Anasimama kwa taabu. Anamwamuru akae, anakaa. Victor anafurahi kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake ameshinda mtihani. Huyu ndiye mtu mkamilifu tuliyeahidiwa, mwenye mikono ya msanii na akili ya profesa: kusimama na kukaa tu, basi. Sijaona katika sinema nyingine ya kutisha kitu cha kusikitisha zaidi ya hicho.

Sasa tufike kwa Justine. Yeye ni mtumishi wa nyumba, ambaye Victor amekuwa akienda naye kwa siri huku binamu yake Elizabeth akiwa tayari kuolewa naye. Justine anapata mimba, anadai aolewe, na anapodhihakiwa anatishia kwenda kusema. Victor anamjibu kwamba hana ushahidi. Usiku anaingia maabara kuutafuta. Victor anamwona, hapigi kelele wala hamnyanyulii mkono. Anaufunga tu mlango kwa nje, na ndani yumo kiumbe. Tunasikia ukelele. Papo hapo picha inabadilika: ni asubuhi, watu wako mezani, na Victor anaomba kwa adabu apitishiwe jemu ya machungwa.

Watazamaji hucheka hapo, na huenda ilikusudiwa wacheke. Lakini kicheko hicho kina uchungu, maana hakuna mahali pengine sinema inaposema wazi hivyo maana ya kuua kwa mkono wa mwingine. Mikono ya Victor ni safi. Hakumgusa binti yule, wala hakuona chochote. Ukimwuliza, angekwambia alifunga mlango tu, na kufunga mlango si kosa.

Mwisho wa hadithi tunarudi gerezani, ambako Victor amekuwa akimsimulia kasisi mambo haya yote. Kiumbe ameungua moto na kuanguka katika birika la asidi. Hakubaki hata mfupa. Mahakama imemhukumu Victor kukatwa kichwa kwa kumuua Justine. Analia kwamba si yeye, ni kiumbe. Anamsihi Paul athibitishe, na Paul ananyamaza, kisha anaondoka pamoja na Elizabeth.

Wako wanaouona mwisho huo kuwa ni dhuluma, kwani mtu anakwenda kufa kwa kitendo cha mwingine. Mimi naamini mahakama ile, bila kujua habari za maabara, ilifika penye haki. Justine aliuawa na Victor. Kisu hakishtakiwi, hata kikiwa kisu chenye miguu. Anayekosa usingizi awe Paul. Alijua habari za maiti, alijua habari za Profesa, aligombana, aliondoka, alirudi, lakini hakwenda kuwaambia wenye mamlaka wakati ambapo neno lake lingeweza kumwokoa mtu. Alipokuwa na la kusema alinyamaza, na mwishoni akaufanya ukimya huo kuwa adhabu. Watu wa namna ya Victor ni wachache duniani. Akina Paul ni wengi, na bila wao akina Victor hawafiki mbali.

Baadhi ya wahakiki wa Uingereza waliishambulia sinema hii mwaka 1957 kwa sababu ya damu yake nyekundu. Watu wakaenda kuitazama hata hivyo; ilirudisha gharama zake mara nyingi, na Cushing akarudi kuwa Frankenstein mara tano zaidi, hadi mwaka 1974. Damu ile leo haimtishi hata mtoto. Kinachotisha kimebaki kile kile, na kimetusogelea. Siku hizi zinatengenezwa silaha zinazoweza kutafuta shabaha zenyewe, na mashine zinazopima nani apewe mkopo na nani anyimwe. Jambo likiharibika, mara nyingi jibu la kwanza tunalopewa ni kwamba mashine ndiyo iliyokosea. Mimi nikisikia hivyo huuliza ni nani aliyeitengeneza, ni nani aliyeifungulia, na akina nani walijua wakanyamaza.

Victor hakuwa mtu katili kwa sura. Alikuwa mwerevu mwenye lengo kubwa, na kila hatua aliipa sababu nzuri: elimu, maendeleo, manufaa ya wanadamu. Maiti ilikuwa ya mnyang'anyi, kwa hiyo si neno. Profesa alikuwa mzee, kwa hiyo si neno. Justine alikuwa mtumishi. Hesabu ya namna hiyo haihitaji maabara wala radi. Huanza siku ile mtu anapoangalia mtu mwenzake na kuona kifaa, na wale waliomo nyumbani wakaendelea kupitishiana jemu.