Akiba Niliyoitupa Juu ya Paa

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Jino langu la utotoni lilipong'oka hapa Othaya, nililirusha juu ya mabati, nikaomba jipya. Baadaye kaka yangu akaota uvimbe kwenye taya. Madaktari walikata mfupa ulioharibika, wakaziba pengo kwa kipande cha mfupa wa nyonga yake. Alichechemea majuma mengi, na hadi leo githeri humshinda kutafuna.

Kumbe mwaka 2003, huko Marekani, Songtao Shi na wenzake waligundua seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, ndani ya meno ya utotoni! Zilipopandikizwa kwa panya, zilichochea mfupa kuota. Kwa taya ya binadamu, majaribio yangali yanaendelea.

Ndugu msomaji, tusome sayansi kwa bidii. Kaka angali anaingoja githeri yake.